Stesheni Masta na Tairi za Nyuma

Nianze na gari au nianze na mtu? Ngoja nianze na mtu. Gari hata nikinyamaza mtaliona, maana ni jekundu na halijui kujificha.

Mtu mwenyewe tunamwita Stesheni Masta. Alishastaafu zamani, vijana wengine wamekaa kwenye ile ofisi yake, lakini hapa mtaani kwetu Mpanda hata mtoto anayejifunza kutembea atakuelekeza kwa Stesheni Masta. Jina analo, la ubatizo pia analo, silitaji. Mke wake alikuwa shoga yangu wa kuombana moto na chumvi, kwa hiyo mimi na yeye tunaitana shemeji. Nyumba zetu zinatazamana, katikati ua wa manyara tu. Kila alichofanya nimekiona. Nisichokiona nilikisikia, na nisichokisikia nilikwenda kuuliza. Shule mimi niliishia darasa la pili, lakini macho hayakuishia huko.

Msafi yule! Suruali ina mstari wa pasi unaoweza kukata kitunguu. Alikuwa anajipigia pasi mwenyewe, ya mkaa, hata baada ya kuoa, maana alisema mwanamke anapinda mstari. Kiwanja chake anakifagia asubuhi, na michirizi ya ufagio yote inaelekea upande mmoja, kuku akipita anaonekana kabisa kapita wapi. Na ile saa ya mkononi! Unamwambia, "Shikamoo Stesheni." Anaangalia saa kwanza. Halafu ndiyo, "Marahaba." Sisi wanawake tulikuwa tunaigizana kisimani, mmoja anasalimia, mwingine anakunja mkono anaangalia saa, tunacheka mpaka ndoo zinamwagika. Mke wake ndiye alikuwa anacheka kuliko wote, masikini.

Sasa kuna neno lake, mlijue. Zamani treni ilikuwa haitoki hapa mpaka stesheni ya mbele ikubali kwamba njia iko wazi. Hiyo wao waliita laini kliya. Bila laini kliya dereva anakaa, abiria wanakaa, hata awe mkubwa wa wapi anakaa. Nzuri hiyo, inaokoa watu. Lakini mwenzetu aliibeba akaja nayo nyumbani. Mama Skola, mke wake huyo, akimwambia, "Baba Skola, paa linavuja," yeye, "Laini bado." "Choo kimejaa." "Laini bado." Jamani, choo kinasubiri laini! Mvua zikaja zenyewe bila kumuuliza, zikamlowesha mama wa watu kitandani.

Msinielewe vibaya, alikuwa na wema wake. Treni ikiharibika njiani, watu wamekwama stesheni na watoto wachanga, yeye anawaleta nyumbani kwake. Atawatandikia mikeka, atawapa uji, mke wake anapikia watu hata hajui wanatoka wapi. Kuna bibi mmoja mgonjwa alimbeba mgongoni kutoka kwenye behewa mpaka zahanati, na ile suruali yake ya pasi ikachafuka na hakusema neno. Abiria walimpenda sana. Abiria si anakuja, anaondoka? Sisi tunaobaki ndio tulimjua.

Na kazi nyingine aliyoiweza ni kupatanisha watu. Hapa itabidi niwaeleze mila, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini mimi mpaka leo nikiliona lile gari naangalia pembeni.

Kwetu sisi, binti akifukuzwa na baba yake, harudi mwenyewe. Hata amkumbuke mama yake vipi, ule uwanja haukanyagi. Baba ndiye anatakiwa aende kwa binti, akae, apewe maji na mkono wa binti yake, ayanywe yaishe. Basi. Hapo mlango umefunguka. Hakuna ng'ombe, hakuna hotuba. Maji tu. Na maji hayo yananyweka mara moja. Baba akiwa amekufa, ndugu yake wa kiume anaweza kwenda badala yake, hata akiwa hai ila hawezi, ndugu anakwenda. Akishakunywa, imeisha, hakuna kurudia.

Stesheni Masta alikuwa bingwa wa hiyo. Wazee wenzake wakigombana na mabinti zao, wanamwita. Anakwenda na kofia yake, anakaa, anasema, "Mzee mwenzangu, wewe ni mtu mzima. Nyanyuka uende kwa mwanao ukanywe maji. Unasubiri nini?" Nimemsikia kwa masikio yangu. Na wakishapatana anakaribishwa pilau, anakula vizuri, anafuta mdomo na leso.

Huku wa kwake yuko nje.

Skola alikuwa mtoto wake wa pekee. Nimemlea mimi, mgongo wangu unamjua. Msichana mrefu, mcheshi, akicheka anapiga paja. Baba yake alishamwekea karani mmoja wa reli, kijana mwenye miwani. Skola akapenda kijana wa Kapalamsenga, huko ziwani, mlima mpunga na mkausha dagaa, akapata na mimba. Basi siku hiyo Stesheni Masta alitoa begi la mtoto akaliweka njiani, nguo amezikunja vizuri ndani, amelifunga na zipu. Hakupiga kelele. Akamwambia, "Nenda kanukie dagaa. Mimi kwako utaniona siku nitakayokuja na gari yangu mwenyewe."

Alisema vile kwa sababu mtu wa mshahara wa reli gari angelipata wapi? Ilikuwa njia yake ya kusema hatakwenda kamwe. Lakini alilisema mbele ya watu, na yeye alikuwa mtu wa akishasema kasema.

Mama Skola alikaa miaka akisubiri. Hakumwona tena binti yake ndani ya uwanja ule. Walikuwa wanaonana sokoni, wanajificha nyuma ya magunia ya karanga kama wezi, na mimi nimesimama nawalindia. Alipokufa, nikampigia Skola, akaja. Akasimama barabarani, nje ya manyara, na mtoto mkononi. Msiba umejaa watu, wanawake tunalia ndani, mwenye mama kasimama juani. Nikatoka na kikombe cha maji nikampa. Jeneza likatoka likapita mbele yake, akaligusa na vidole tu. Baba yake alikuwa nyuma ya jeneza. Akamwona. Nawaapia alimwona. Akaangalia saa.

Nilimchukia siku ile. Wengine wanasema alikuwa anazuia machozi. Labda. Mimi nilimchukia.

Lakini baada ya msiba kitu kilimvunjika yule mtu, hilo nalo niliseme. Akawa anakuja kwangu jioni, anakaa kwenye kigoda mpaka giza. Siku moja akasema, "Shemeji, nikistaafu nanunua gari." Nikajua maana yake. Nikampa ugali na samaki migebuka, akala wawili.

Akastaafu. Tukasubiri gari. Mimi nilitegemea la watu wazima, la kubeba magunia ya mchele nyuma na wajukuu juu yake. Siku hiyo tumekaa nje na wenzangu tunapepeta, tukasikia lori linarudi nyuma. Juu ya lori kuna gari! Gari limebebwa! Likashushwa kwa mbao, pole pole. Jekundu, milango miwili, limelala chini kama mjusi anaota jua. Kiti cha nyuma cha kuweka mkoba, siyo cha kuweka mtu.

"Shemeji," nikamuuliza, "hili gari au slipasi?"

Wenzangu wakaanguka chini kwa kucheka. Yeye akaangalia saa.

"Hili ni la spoti, shemeji. Nimeliona Dar nikasema ni hili."

"Na ile barabara mbovu ya rasta ya kwenda ziwani litapita?"

"Litapita likiwa na tairi zake."

Hapo ndiyo mara ya kwanza kulisikia hilo neno, tairi zake. Ningejua ningemnyang'anya funguo siku ileile. Maana zile lililokuja nazo zilikuwa na vipara, nyuzi zinachungulia. Ikabidi atafute nyingine.

Tairi lina namba ubavuni. Mimi sasa nazijua kama Baba Yetu, kwa kuimbiwa. Za mbele: mia mbili ishirini na tano, arobaini na tano, kumi na saba. Za nyuma: mia mbili hamsini na tano, arobaini, kumi na saba. Ya kwanza ni upana. Ya mwisho ni rimu, ile duara ya chuma ndani. Ya katikati ndiyo ilituua.

Akaniita uani kwake, amechuchumaa nyuma ya gari, kofia ameiweka pembeni.

"Shemeji, njoo uone watu wa kiwandani walivyosinzia kazini. Mbele arobaini na tano, nyuma arobaini. Gari wameliinamisha nyuma!"

"Mbona mimi naliona limenyooka?"

"Macho yako hayo. Namba zimeandikwa. Behewa magurudumu yote yanalingana, shemeji. Moja likiwa fupi, linaacha reli. Nimeshuhudia."

Fundi wa matairi, yule mnene wa karibu na soko, alikuwepo. Akasema, "Mzee, mi ningeleta zilezile zilivyoandikwa."

"Wewe umewahi kuendesha stesheni?"

"Sijawahi, mzee."

"Haya."

Akaagiza Dar. Mbele zilezile. Nyuma upana uleule, rimu ileile, lakini katikati akataka arobaini na tano, ili zilingane. Alikuwa anaona amerekebisha gari.

Sasa nisikilizeni mimi wa darasa la pili. Ile namba ya katikati siyo kimo cha tairi. Ni fungu la upana wake. Ni kama niwaambie jazeni sufuria nusu. Nusu ya sufuria la harusi na nusu ya sufuria la uji wa mtoto, zote nusu, lakini nani anashiba? Tairi la nyuma ni pana, kwa hiyo arobaini yake inafika juu sawasawa na arobaini na tano ya lile jembamba la mbele. Zilikuwa zinalingana tangu kiwandani! Yeye kaja kuzilinganisha, kazivuruga. Na hilo ni kosa la mtu wa reli tu. Mtu mwingine wa hapa Mpanda angefunga alichokikuta dukani, angekwenda kumwona mtoto wake.

Zikaja, zikafungwa. Gari likanyanyuka matako kama bata. Nikasema moyoni, hee. Lakini sikutaka kusema kitu, maana alikuwa amepiga pasi, amevaa koti lake la kazi lenye vifungo, amenunua doti ya kanga za Skola na sukari na mchele wa kwenda kula na mkwe. Nikapigia simu Kapalamsenga. "Skola, tunakuja!" Upande ule nikasikia amepiga paja.

Tukaondoka. Matuta ya mjini tunayapanda kwa mshazari kama kaa. Bodaboda wanatupita wanatushangilia, "Stesheni! Stesheni!" naye ananyanyua mkono kama anaruhusu treni. Nikafurahi jamani. Nilifurahi siku ile kuliko harusi yangu.

Tulipoacha lami, nyuma kukaanza kulia. Khwaaa. Shimo, khwaaa.

"Nini hicho?"

"Mawe."

Shimo tena, khwaaa. Halafu harufu.

"Shemeji, kuna kitu kinaungua."

"Watu wanachoma mashamba."

"Mvua imenyesha jana! Nani anachoma shamba limelowa?"

Akazidisha mwendo. Kufika Sibwesa, pwaa, nyuma kushoto kumekaa chini. Tukashuka. Lile tairi lilikuwa refu kupita nafasi yake, kila gari likizama linasuguana na bati la madigadi, mpaka limekatwa begani. La kulia nalo linafukuta. Akalitazama. Uso wake mimi sijausahau, kama mtoto aliyekatiwa kishada.

Akaja kijana wa Kisukuma na pawatila lake, trekta dogo la kulimia mpunga, tela liko wazi nyuma.

"Shikamoo wazee. Mnaelekea wapi?"

"Kapalamsenga," nikasema haraka.

"Na mimi nafika huko. Pandeni, kabla jua halijalala mko huko."

Stesheni Masta akalitazama lile tela. "Nipande hilo?"

"Lina nini mzee? Mke wangu alikwenda nalo kujifungua."

Nilicheka, nikamshika mkono. "Shemeji, twende. Skola hajaomba gari. Anakuomba wewe."

"Nilisema nitakwenda na gari yangu."

"Ulisema kwa hasira!"

"Nilisema." Akakaa juu ya jiwe, akavuta soksi zake zikanyooka. "Nenda wewe. Mwambie laini bado."

Nikapanda tela peke yangu na mchele na kanga. Nililia mpaka vumbi usoni likawa tope.

Skola alikuwa amesimama mwanzo wa njia. Nyumba imefagiwa, imepakwa udongo upya. Ndani kwenye kimeza kuna kitambaa, juu yake glasi moja ya maji, imefunikwa na kisahani. Glasi yenyewe aliazima kwa jirani. Akachungulia nyuma yangu.

"Mama mkubwa, baba yuko nyuma?"

"Tairi zimegoma, mwanangu."

Akacheka, lakini paja hakulipiga. Akaichukua ile glasi, akatoka nayo, akayamwagia mchicha.

Niliporudi Mpanda nikajua ataniuliza, Skola mzima? Watoto wangapi? Akaniuliza, "Barabara ya huko mbele ikoje?"

Baadaye muuzaji wa Dar ndiye alimweleza kwenye simu maana ya ile namba ya katikati. Basi akaja kwangu asubuhi, akanieleza habari ya mafungu na upana kana kwamba amezaliwa anaijua. Nikamwachia. Nikafikiri sasa amejua, ataagiza zilezile za kiwandani, tutakwenda. Wee! Alipojua ndiyo akaharibika kabisa. Sasa kila tairi lina kasoro. Hili saizi ni yenyewe lakini limekaa dukani mno, mpira umekauka. Hili michoro yake haifanani na ya mbele. Hili la kampuni nyingine, ubavu wake mlaini. Gari likapandishwa juu ya magogo, likafunikwa turubai, na yeye kila siku anafunua, anapima kwa futi nafasi ya kwenye madigadi, anafunika.

Fundi mnene akamhurumia. "Mzee, vua hizi rimu kumi na saba. Nikufungie kumi na sita na tairi lenye nyama, nakupigia hesabu kimo kisibadilike. Barabara zetu zinataka tairi lenye nyama. Utakwenda ziwani na kurudi unaimba."

"Rimu zake za kiwandani nizitoe?"

"Unaziweka tu ndani, mzee. Siku ukienda Ulaya unazirudisha."

"Nimvalishe ndala mtu wa suti?"

Fundi akaniangalia. Nikamwangalia. Akakusanya spana zake, maana ukishaona mtu analionea gari huruma kuliko binadamu, utasema nini?

Nyie mtaniambia labda aliogopa. Na mimi ndivyo ninavyoamini. Alimwogopa mtoto wake. Alimwona pale barabarani siku ya jeneza, na hakujua ataanzia wapi kumtazama usoni. Tairi likawa linamfaa, linachukua lawama. Mtu hawezi kumlaumu mtu anayetafuta tairi kila siku, si anatafuta? Ukimgombeza anakwambia, "Nimewahi kukuambia siendi?" Na ni kweli, hajawahi kusema haendi. Angesema haendi ningemtukana, tungemaliza.

Ile mimba ya zamani ikakua, ikawa msichana, ikapata mchumba. Skola akanipigia.

"Mama mkubwa, mwambie baba, mpunga ukishavunwa wakwe wanakuja. Siwezi kupokea wakwe na mimi mwenyewe mlango wangu umefungwa, watanicheka. Aje. Aje hata kwa miguu, nitamwosha miguu."

Nikampa yeye simu asikie mwenyewe. Akaisikiliza. Alipomaliza akaniambia, "Nakwenda." Akaagiza siku ileile, za nyuma mbili, zilezile za kiwandani. Nikaamini. Jinga mimi, nikaamini tena.

Zikaja kwenye basi. Moja mia mbili hamsini na tano, arobaini. La pili, muuzaji kakosea, mia mbili arobaini na tano, arobaini. Upana umepungua kidogo, kimo kimepungua kiduchu, hata kucha haifiki. Fundi akasema, "Mzee, kwa safari moja, pole pole, yanakwenda. Mimi nakuhakikishia, ukirudi tunabadilisha."

"Relini hakuna karibu sawa."

"Hii siyo reli!" Mimi ndiye niliyepiga kelele, watu wa sokoni wakageuka. "Hii siyo reli, shemeji! Panda bajaji mpaka stendi, panda gari la abiria kama mimi! Mpunga unavunwa!"

Akairudisha Dar. Ile iliyokosewa tu, ile sahihi inasubiri mwenzake.

Mpunga ukavunwa.

Ikabidi familia wamtume mdogo wake wa kiume, muuza mkaa, mtu mchafu mcheshi, hana saa. Akadandia fuso la dagaa. Mimi nikiwa naye. Fuso lile lina matairi sita na kila moja lina kabila lake, moja limeshonwa na waya, na tulifika. Skola akamletea maji. Mdogo mtu akayanywa yote, akajifuta na mkono wa shati, akasema, "Mwanangu, mlango uko wazi." Skola akaanguka miguuni pake akalia sauti ya mtoto mdogo. Tukapiga vigelegele. Harusi ikafanyika, nilicheza mpaka kiuno kikaniuma wiki nzima.

Nikarudi nikamweleza. "Mdogo wako ameshakunywa."

Akasema, "Kunywa kwa mdogo siyo kunywa kwa baba. Nikifika mimi itakuwa jambo lingine."

Lile tairi la pili likaja, sijui mwezi gani. Sahihi. Namba kwa namba, kampuni moja na lile la kwanza, michoro ileile. Juzi hapa, kabla mvua hazijaanza, likafungwa, gari likashuka magogoni. Akanifuata na koti lake la vifungo. Limemlegea mabegani sasa.

"Shemeji, njia imefunguka."

Nilitaka kukataa. Nikaingia.

Na niwaambie ukweli, lilikwenda. Hakuna khwaaa, hakuna harufu. Sibwesa tulipita kama hatupajui. Yeye anatabasamu, anapigapiga usukani. "Unaona? Unaona tairi zake zilivyo?" Ninaona, shemeji. Nikawa naangalia dirishani.

Kufika, akasimamisha gari chini ya kivuli cha ukuta. Akashuka, akalizunguka, akabonyeza tairi moja moja na kidole gumba. Watoto wamejaa. Skola ametoka kwenye mpunga unaoanikwa, anafuta mikono. Ana mvi huyo, Skola wangu ana mvi. Baba yake akamaliza tairi la mwisho ndipo akageuka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Saa hakuiangalia. "Hamjambo?"

"Hatujambo. Karibuni ndani."

Skola akatukalisha kwenye viti vya kitambaa. Akauliza hali ya nyumbani, hali ya kiangazi, kama barabara haikutuchosha. Vizuri kabisa, kwa adabu, sauti laini. Mume wake akaja akasalimia akashika kofia. Skola akatoka, akarudi na soda mbili kwenye sinia, zina baridi zinatoka jasho. Akapiga goti akamwekea baba yake mbele.

Stesheni Masta akaitazama ile chupa.

"Mwanangu. Nimekuja kunywa maji."

"Maji ya huku ya ziwani, baba. Yatakusumbua tumbo. Wageni wetu wote tunawapa soda."

"Maji, Skola."

Skola alikuwa bado amepiga goti. Akamfungulia kizibo, akaifuta shingo ya chupa na upande wa kanga.

"Baba mdogo alishayanywa, baba."

Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ningeshukuru. Stesheni Masta akanigeukia mimi, kama nitasema kitu. Nikainamisha kichwa nikatazama mikono yangu. Nje watoto walikuwa wanapiga kelele, wanagombania kugusa matairi.

Akaichukua soda. Akanywa kidogo kidogo, koo linapanda linashuka, mpaka ikaisha. Akamrudishia chupa tupu, na Skola akaipokea kwa mikono miwili, akamwambia ahsante, kama anavyowaambia wageni wote.